Mfahamu Bellman Kabla Hujaondoka Stockholm

Ndugu zangu mnaofanya vibarua kwenye shule za chekechea za hapa mtakuwa mmeshazisikia hadithi za Bellman. Watoto wa Kiswidi wanazipenda sana. Kunakuwa na Mdenishi, Mnorwe na Bellman, wanashindana jambo fulani la kipuuzi, na mwishoni Bellman anawashinda wenzake kwa ujanja ambao mara nyingi hausimuliki mbele ya wakwe. Ukimwuliza mtoto huyo Bellman ni nani hasa, atakutazama tu. Bellman ni Bellman.

Sisi tunalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Tumekua na Abunuwasi, yule wa sufuria iliyozaa, mjanja wa kuwatia aibu matajiri na masultani. Wachache kati yetu tuliambiwa kwamba Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi mkubwa wa Baghdad aliyefariki karibu na mwaka 814, na kwamba waliosoma mashairi ya Kiarabu wanamheshimu hasa kwa mashairi yake ya mvinyo. Watu wa pwani wakapokea jina, wakaliacha shairi. Kwa Bellman imetokea hivyo hivyo, tena naye alikuwa mshairi wa mvinyo. Tofauti ni kwamba huyu wa kwetu Stockholm nyimbo zake bado zinaimbwa, zimerekodiwa, na ukitaka kumsikia unaweza. Wengi wetu tunakaa hapa miaka mitatu, minne, tunabeba maboksi, tunafanya mitihani, tunarudi nyumbani bila kumjua. Naona ni hasara, na nitaeleza kwa nini.

Carl Michael Bellman alizaliwa tarehe 4 Februari 1740 huku Södermalm, Hornsgatan, mtaa ambao leo ukishuka Mariatorget umeshafika. Wakati ule Stockholm ilikuwa mji mdogo kuliko miji mingi ya mikoa ya kwetu. Jina la ukoo lenyewe si la Kiswidi. Baba wa babu yake alikuwa fundi cherehani kutoka Ujerumani, upande wa Bremen, aliyekuja kutafuta maisha. Mtoto wa fundi yule akawa profesa wa Uppsala, na mjukuu akawa mtumishi wa serikali. Vizazi vitatu tu kutoka cherehani. Mama yake, Catharina Hermonia, alikuwa binti wa kasisi wa parokia ya Maria. Nyumba ikajaa watoto, na wengi walikufa wadogo, kama ilivyokuwa kawaida ya zama zile.

Inasimuliwa kwamba akiwa kijana alishikwa na homa kali, na katika kuweweseka akaanza kusema kwa vina. Mwalimu wa nyumbani akamfundisha kanuni za ushairi na lugha za kigeni. Mwaka 1757 akaingizwa kazini kwenye Benki ya Taifa, kama mwanafunzi wa kazi. Mwaka uliofuata akajaribu chuo kikuu Uppsala, hakukaa. Wenzetu wa Uppsala wasikasirike.

Benki ndiyo iliyomponza. Vijana wa ofisi ile walikuwa wanakopa, wanadhaminiana, wanakopa tena kulipa mkopo wa kwanza. Kufika 1763 madeni yalimzidi, akatoroka kwenda Norway. Kutoka huko akaandika kuomba hati ya kurudi bila kukamatwa, akaipata, akarudi, lakini kazi ya benki ikawa imekwisha. Baadaye akapata vikazi vya ukarani katika ofisi ya viwanda na kisha forodhani. Mwaka 1765 akafiwa na wazazi wote wawili. Hakuwa na mtaji wowote zaidi ya kalamu, sauti, na uwezo wa kuwachekesha watu mezani.

Sasa tuje kwenye chombo chake. Kuna picha iliyochorwa na Per Krafft mwaka 1779, Bellman ameshika cister. Hii ni jamaa ya gitaa na udi, tumbo la mviringo, nyuzi za chuma, mlio wake mkali kidogo na wa kung'ara. Kwa kucharaza cister hiyo na kwa sauti yake alikuwa anaigiza mambo yote peke yake: mlevi, kasisi, mjane, askari. Waliomsikia waliandika kwamba alikuwa anaiga hata vyombo vingine kwa mdomo, tarumbeta, filimbi, ngoma. Ndiyo maana katika baadhi ya nyimbo zilizochapishwa utakuta katikati ya ubeti imeandikwa jina la chombo kama fidla kubwa au pembe. Hapo maneno yanasimama na mwimbaji anakuwa bendi.

Ni nyimbo gani hizo? Mwishoni mwa miaka ya 1760 alianza kutunga alichokiita nyaraka, kwa mzaha wa nyaraka za Mtume Paulo. Paulo anawaandikia Wakorintho. Huyu mtume wa Bellman anawaandikia walevi wa Stockholm. Jina la mtume ni Fredman. Na Fredman alikuwa mtu wa kweli! Jean Fredman, fundi saa, aliyewahi kutengeneza saa za mfalme, akaanguka kwenye pombe na kufa maskini mwaka 1767. Bellman alimchukua marehemu akamfanya mhubiri. Pembeni yake akamweka Movitz, mwanamuziki mgonjwa wa kifua, na Ulla Winblad, mrembo ambaye mara ni mungu wa kike atokaye baharini, mara ni msichana anayekimbizwa na askari.

Hapa inabidi nisimame kidogo, maana wasifu nyingi zinapita haraka. Nyuma ya Ulla Winblad nako kulikuwa na mtu: Maria Kristina Kiellström, aliyezaliwa 1744, mfanyakazi wa hariri, mwanamke maskini aliyewahi kupata mtoto nje ya ndoa. Bellman alipata wimbo, yeye akapata jina baya la kumfuata mjini. Alikufa 1798, miaka mitatu baada ya mtunzi. Wanaosema Bellman alikuwa mtetezi wa wanyonge wamkumbuke na huyo. Mimi nampenda Bellman, lakini deni hili naliona ni kubwa kuliko yale ya benki.

Tukubaliane pia kwamba hakutunga tuni nyingi. Alichukua tuni zilizokuwa zinajulikana, za opera za Kifaransa, minueti za ukumbini, polska za wanakijiji, akazipachika maneno mapya. Kuna watakaosema huo ni wizi. Basi na marehemu Juma Bhalo wa Mombasa tumwite mwizi, kwa sababu alichukua tuni za sinema za Kihindi akaweka Kiswahili chake, na pwani nzima ikalia. Ufundi uko kwenye kupachika. Msikilizaji wa Stockholm wa 1770 alikuwa anaijua tuni ya kifahari, halafu anasikia kwamba inamhusu mlevi aliyelala mtaroni. Kicheko kinatokana na mgongano huo. Na mara nyingine si kicheko.

Chukua waraka wa 23. Fredman amelala chini nje ya kilabu kiitwacho Krypin, usiku wa kiangazi 1768, mkabala na jengo la benki. Ndiyo, benki ile ile. Anawalaumu mama na baba kwa nini walikutana, kwa nini walimleta duniani, anajitazama nguo zilivyochakaa. Ni maneno mazito, ya mtu anayeona aibu ya maisha yake yote kwa mara moja. Halafu kunakucha, mlango wa kilabu unafunguliwa, anaingia, anapata funda la kwanza, na sasa anawashukuru wazazi wale wale. Ukisikia ubeti wa mwisho unacheka na koo limekukaba. Ama ule wa 30, ambapo Movitz ana kifua kikuu na rafiki yake anamwambia anywe kwa sababu mauti yanamngoja mlangoni. Wimbo ule hauna kejeli hata kidogo. Ni mtu anamuaga mtu.

Miaka ishirini nzima nyimbo hizi hazikuchapishwa. Zilienda kwa mdomo na kwa nakala za mkono, watu wananakiliana kama sisi tulivyonakiliana kanda. Mji mzima ulizijua. Miaka ya 1770 hadi 1774 alikaa Urvädersgränd, kichochoro karibu na Slussen, na nyaraka nyingi zilitungwa humo. Nyumba bado imesimama.

Mwaka 1772, tarehe 19 Agosti, Mfalme Gustav III alipindua utawala wa bunge na kujichukulia madaraka. Bellman akatunga wimbo wa kumsifu, nao ukawa kama wimbo wa taifa wa zama zile. Mfalme hakusahau. Mwaka 1776 akampa cheo cha katibu wa ikulu ya kifalme na nafasi katika ofisi ya bahati nasibu ya serikali. Kazi yenyewe hakuifanya. Alimwachia mtu mwingine aifanye na kugawana naye mshahara nusu kwa nusu. Ukisikia watu wanasema wafanyakazi hewa ni ugonjwa wa Afrika, mtaje Bellman. Mwaka 1777 akamwoa Lovisa Grönlund, binti wa mfanyabiashara, mwenye umri wa miaka 20. Wakapata watoto wa kiume wanne. Kwa mmoja wao, Carl, alitunga mwaka 1787 wimbo wa kubembeleza ambao Waswidi wanawaimbia watoto hadi leo. Ni mtamu, lakini humo pia mauti yanapita. Hakuweza kujizuia.

Mwaka 1779 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha Par Bricole, chama cha kuimba, kula na kunywa, chenye mizaha mingi ya vyeo. Mwanachama mmoja wa Par Bricole anatuhusu. Aliitwa Badin. Alikuwa mtu mweusi, aliyeletwa Stockholm akiwa mtoto kutoka visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Denmark, akatolewa zawadi kwa Malkia Lovisa Ulrika kama vile mtu anavyotoa saa ya ukutani. Malkia akamlea ikulu akiwa huru kufanya anavyotaka, kama jaribio la kuona binadamu atakuwaje. Alikuwa msomaji mkubwa, aliandika kumbukumbu zake kwa Kifaransa, na Gustaf Lundberg alimchora akicheza sataranji. Alifariki 1822. Kwa hiyo tunapojiona sisi ndio wa kwanza kukaa mezani na Waswidi hawa wanapoimba nyimbo zao za glasi, tujue kuna mwenzetu aliyetangulia, na alikuwa kwenye chama kimoja na Bellman mwenyewe.

Hatimaye mwaka 1790 Nyaraka za Fredman zikachapishwa, zote 82, na mwaka uliofuata Nyimbo za Fredman, 65. Dibaji ya kitabu cha kwanza iliandikwa na Johan Henric Kellgren, ambaye miaka ya nyuma alikuwa amemshambulia Bellman hadharani kwa ushairi wa kilabuni. Alibadili msimamo, nami nampa heshima yake. Muziki ulitayarishwa na Olof Åhlström, mtu aliyekuwa na kibali pekee cha kuchapa nota nchini. Åhlström alizinyoosha tuni na kuzipangia kinanda, ili ziingie kwenye sebule za watu wa heshima.

Hapo kuna jambo la kufikiria kwa sisi tunaopenda santuri. Wengi wenu mnazo hizo CD za kinubi cha Ireland, zile za tuni za Turlough O'Carolan, kipofu aliyezunguka nchi na kinubi chake na kufariki 1738. Zinatuliza, nakubali, zinafaa kusomea. Lakini aliyoyapiga O'Carolan kwa vidole vyake hakuna ayajuaye. Mwaka 1792, mjini Belfast, wapiga vinubi wazee waliobaki walikusanywa, na kijana Edward Bunting akaandika nota za walichopiga. Baadaye akazichapisha, naye akizipangia kinanda! Ni miaka ile ile ya Åhlström, na kosa lile lile la nia njema. Tunachosikia kwenye CD ni watu wa leo wanaojaribu kurudi nyuma ya kinanda, kuitafuta mikono ya zamani.

Waganda walikuwa na bahati kidogo. Ennanga, kinubi cha ikulu ya Kabaka, ilikutwa na mashine ikiwa hai bado. Temutewo Mukasa, mpiga ennanga wa ikulu, alirekodiwa na Hugh Tracey mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1966 jeshi lilivamia Mengo, Kabaka akakimbilia uhamishoni, na wapigaji wa ikulu wakatawanyika. Santuri zikabaki. Ukizisikiliza unasikia kucha ikigusa uzi, unasikia mzee akivuta pumzi. Kwa Bellman hatuna hiyo pumzi. Tuna maneno yote, tuna nota zilizonyooshwa, tuna picha ya cister. Sauti yenyewe, ile ya kuiga tarumbeta kwa mdomo saa nane za usiku, ilikwenda naye.

Na alikwenda vibaya. Chuo cha Kiswidi, ambacho hakikuwahi kumfanya mwanachama, kilimpa zawadi ya riksdaler 50. Machi 1792 Gustav III alipigwa risasi kwenye dansi ya vinyago katika jumba la opera, akafa siku chache baadaye. Mlinzi wake amekwisha. Mwaka 1794 mdai mmoja akamshitaki kwa deni la riksdaler 150, akawekwa mahabusu kwa miezi miwili katika kasri ya kifalme, pale pale alipokuwa akiimba. Alikuwa ameshashikwa na kifua kikuu, ugonjwa wa Movitz. Akiwa ndani akaandika habari za maisha yake kwa kifupi, kwa mzaha, bila kulalamika sana. Alifariki tarehe 11 Februari 1795, miaka 55 na siku chache, akazikwa kwenye uwanja wa kanisa la Klara. Kaburi halijulikani lilipo. Ni lile kanisa lenye mnara mrefu karibu na Stesheni Kuu. Kila mwenye kupanda treni pale ameshapita karibu naye. Jiwe la kumbukumbu liliwekwa 1851, zaidi ya nusu karne baadaye. Djurgården waliwahi kidogo: sanamu yake ilizinduliwa Julai 1829, na mjane Lovisa akahudhuria. Yeye aliishi hadi 1847. Sijaona wasifu unaomweleza mama huyu inavyostahili, aliyelea watoto wakati mumewe akiwa mahabusu.

Basi tumsikilize nani? Wapo watatu ambao santuri zao zimewafundisha Waswidi wa miaka ya karibuni kumsikia upya. Sven-Bertil Taube, aliyekuwa pia mwigizaji, anaimba kwa sauti safi na vyombo vya zama zile. Ukitaka kuusikia ukumbi na mishumaa, anza naye. Fred Åkerström, sauti nzito ya chini, mtoto wa wafanyakazi, aliondoa mapambo. Santuri yake ya 1974 imepewa jina la waraka wa 72, ule wa usiku pembeni ya kitanda, na sidhani kuna Mswidi wa umri fulani asiyeujua. Kwake hakuna utani wa kilabu, ni mtu anaimba kama anaungama.

Wa tatu ni Cornelis Vreeswijk, na huyu kwangu ndiye wa kwanza. Hakuwa Mswidi. Alizaliwa Uholanzi 1937, akaletwa Sweden na wazazi mwaka 1949, akiwa na miaka 12, bila neno la Kiswidi. Hakuwahi kuchukua uraia hadi alipofariki 1987. Mwaka 1971 akatoa santuri nzima ya Bellman, akimwimba kwa gitaa na mtindo wa bluzi, sauti ya mikwaruzo, na wengine walishangaa mgeni anathubutuje. Leo hata wasiompenda Bellman wanaipenda santuri ile. Nadhani alisikia kitu ambacho wenyeji walikuwa wamekizoea mno: kitukuu wa fundi cherehani wa Kijerumani, ofisini anadharaulika, mezani anapendwa, mfukoni hana kitu.

Msiogope Kiswidi chake cha zamani, wenyewe pia hakiwaingii chote. Anza na waraka wa 48, safari ya mashua alfajiri kwenye ziwa Mälaren, wakulima wanaleta maziwa na wana-kondoo mjini, Ulla amo ndani. Humo hakuna msiba, ni mwanga na maji tu, na ukitoka nje Juni saa kumi usiku utaona hakudanganya. Ukishaizoea sauti, tafuta wa 33, watu wanasongamana gatini wavuke kwenda Djurgården, wanasukumana, Kiswidi na Kijerumani vinachanganyika mdomoni, kila mtu anapiga kelele kwa lugha yake. Utadhani uko kivuko cha Kigamboni Jumamosi jioni.